Nimekula Kwao

Kwanza zilikuja katambuga. Kabla ya mtu, kabla ya kivuli kupita chini ya mlango, ilikuja sauti ya mpira wa tairi ukikwaruza changarawe ya uchochoro wetu, kwa mwendo wa mtu ambaye hajawahi kukimbizwa na kitu. Krr, krr, krr. Kisha kimya. Kimya hicho tulikijua kuliko sauti yenyewe, maana kilimaanisha kwamba amesimama mbele ya mlango fulani, na waliokuwa nyuma ya mlango huo walishusha pumzi au waliishika, kutegemea hali ya sufuria yao. Baada ya kimya ndipo ikaja hodi. Moja tu.

Siku hizi hatua zake hazilingani. Moja inakwaruza, nyingine inatua taratibu kama inayoomba ruhusa ya ardhi. Lakini bado ni mbili, na kila nikirudi Tunduma nikazisikia, naacha ninachofanya.

Tulimwita Mjumbe, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa nyumba zetu, zile zilizobanana nyuma ya maegesho ya malori. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sweta la kijani lililotoboka viwiko ambalo hakulivua hata jua lilipochoma mabati. Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama vilima vya Ileje alikotoka, na akikasirika kilishuka tu, kikawa kizito, mpaka Kindali kikachukua usukani. Mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa wanaume wengi wa mtaa. Alijivunia hilo. Alisema mguu mdogo ni wa kukaa.

Wa kwake haukukaa. Asubuhi kwa mtendaji, adhuhuri hospitali, alasiri mpakani kwa wafanyabiashara wa Zambia, ambako aliwaamkia "mulishani mukwai" kwa adabu kubwa kisha akawabana bei bila adabu yoyote. Na kati ya safari hizo zote, aliomba chumvi.

Hilo la chumvi ndilo lililotuchekesha tukiwa wadogo. Mjumbe hakuwahi kuwa na chumvi. Alibisha hodi, akaingia moja kwa moja mpaka jikoni, akanyoosha kiganja, akatiliwa kijiko, akakifumba, akaondoka. Hakurudisha hata punje. Mama yangu, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Mchele kwa sababu aliuza mchele wa Kamsamba, alisema chumvi aliyokwisha kuchukua Mjumbe ingetosha kukausha samaki wa Rukwa wote. Lakini alimpa. Ilichukua miaka kabla sijang'amua kwamba mtu anayeomba chumvi huona jiko. Huona kama moto umewaka, kama kuna unga, kama watoto wanatazama sufuria kwa matumaini au kwa mazoea. Na kwenye nyumba iliyokosa hata chumvi ya kumpa, hakuhitaji kuuliza swali la pili.

Nadhani hata hapo nilielewa nusu tu.

Mtaa wetu ulikuwa wa watu wa kipato cha leo. Wabeba mizigo, wauza nyanya, wasaidizi wa madereva, wanawake wanaovuka na kurudi na furushi kichwani. Kipato cha leo huliwa leo. Watu hawakuwa wavivu wala wapumbavu. Hawakuwa tu na kesho iliyowekwa mahali. Kwa hiyo homa ya mtoto, ukuta uliolala chini baada ya mvua, msiba wa huko Isongole unaodai nauli jioni ileile, vyote vilikuja kama lori lisilo na breki. Na pembeni mwa barabara hiyo walisubiri wale vijana wenye viatu vinavyong'aa, wenye mikopo ambayo watu wameipa jina linaloistahili: kausha damu.

Mjumbe aliwachukia kwa moyo wake wote. Kuna dada aliyekuwa na saluni karibu na kona. Mwanawe aliugua, akakopa kwao, na riba ikazaa wajukuu. Siku walipokuja kubeba vitu vyake, kiti cha wateja na lile kofia la kukaushia nywele, walimkuta Mjumbe amekaa kwenye kiti hichohicho, kitambaa kimefungwa shingoni, anasukwa. Nywele zake zilikuwa fupi, nyeupe, za kushikwa kwa ncha za vidole. Walimwomba ainuke. Akasema hawezi, ameshaanza kusukwa, na mwanamke hatoki saluni na kichwa nusu. Walisubiri. Dada wa watu alisuka, akisuka hewa. Alasiri wanawake wa kikundi cha kusaidiana cha mtaa wakafika, na yale mapatano ambayo asubuhi yalikuwa hayawezekani yakawezekana. Mjumbe aliinuka, akajitazama kwenye kioo, akasema amependeza lakini bei ni kubwa. Hakulipa.

Aliamini kwamba msaada upo. Hii ndiyo ilikuwa dini yake ya siku za kazi, tofauti na ile ya Jumapili. Alisema msaada wa haraka haukai mahali pamoja kama maji ya kisima. Umetawanyika kama mtama uliomwagika, na kazi ya mtu ni kuinama. Alijua kwamba hospitali ina mlango wa ustawi wa jamii, ambao wagonjwa wengi huupita wakidhani ni stoo. Alijua barua gani ya mtendaji itaufungua. Alijua dereva gani wa lori lililorudi tupu angembeba mgonjwa mpaka Mbeya akikaa mbele, siyo nyuma kwenye turubai. Kwa misiba alianza na kwaya, kwa sababu, alisema, wanaoimba pamoja huoneana aibu. Siku moja mchungaji alipomwambia kwamba wataiweka familia fulani kwenye maombi, alimjibu kwa upole kwamba maombi nayo yana nauli.

Alitufundisha kuomba. Tuliona ni jambo la ajabu, kama kufundishwa kupiga chafya. Yohana, mbeba mizigo, aliangukiwa na gunia begani, na alikuwa mtu wa majivuno, wa kusema "nitapona tu" huku uso umegeuka majivu. Mjumbe alimvuta mpaka hospitali, na njia nzima alimweleza la kusema. Asiseme hana kitu. Kila anayefika pale husema hana kitu, na neno hilo limechoka, halina nguvu ya kuinua kalamu. Aseme alichonacho, kisha anyamaze.

Yohana akaingia. Afisa wa ustawi akamuuliza hali yake.

"Nina godoro na mke," akasema Yohana, akanyamaza.

Yule afisa alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasaini msamaha wa matibabu. Mpaka leo wenzake mpakani humwita Godoro na Mke, naye huitika.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Aliwafokea wagonjwa. Aliyelia mbele yake aliambiwa alie akishapona. Mlevi mmoja aliyekuja kuomba kodi ya nyumba alimfukuza kwa ufagio, mchana, watu wakitazama; jioni nilimwona mwenyewe akimpitishia mkewe unga kwa dirisha la nyuma, na aliponiona alinikazia macho kana kwamba mwizi ni mimi. Alisema uongo mdogo kwa wakubwa na kamwe si kwa wadogo. Na alikuwa na kiburi. Nalisema hili kwa upendo, maana ndilo lililokaribia kummaliza.

Yeye aliyeingia jikoni mwetu sote hakuwahi kumwingiza mtu kwake. Nje ya chumba chake kulikuwa na benchi, na ukienda kwa Mjumbe ulikwenda kwenye benchi. Hapo uliletewa chai. Hapo shauri lako lilisikilizwa. Mlango ulikuwa nyuma yake, umefungwa, na akiingia kuchukua kikombe alipita kwa upande, kama mtu anayepenya ua, akaurudishia.

Sasa nieleze desturi ya kikundi, kwa kuwa bila hiyo mengine hayaeleweki.

Kikundi cha kina mama kilikaa kila Alhamisi alasiri kwenye ghala dogo la mchele la mama yangu, wanachama wakiketi juu ya magunia. Kilikuwa na mfuko wa shida, kama vikundi vingi. Lakini Mjumbe alikuwa amekitia sharti lake, na likashika kama mzizi. Mwenye shida hajisemei. Alisema mtu akijieleza mwenyewe, ama atapunguza kwa aibu, ama ataongeza kwa hofu. Kwa hiyo atasemewa na mwingine, naye abaki kwake mlango umefungwa mpaka msemaji arudi, ili asisome nyuso za watu. Na msemaji ni lazima awe amekula kwenye nyumba hiyo, siku hiyohiyo, chakula cha siku hiyo. Akisimama kikundini, hasemi ugonjwa, hasemi deni, halii kwa niaba ya mtu. Anasema amekula nini. Basi. Macho hudanganywa na pazia, alisema Mjumbe, lakini ulimi umeonja.

Nilikuwa msichana wa shule siku aliyotusemea sisi. Mama alikuwa amelazwa Vwawa, anangoja kupasuliwa tumbo, na baba alikuwa safarini ndani ya Zambia, simu yake haipatikani. Nilipika kilichokuwepo. Katambuga zikaja, zikasimama. Kile kimya kikawa kirefu, na mimi nikakitumia: nikavuta kanga kufunika kitanda kisicho na shuka, nikafuta uso. Hodi. Aliingia, akaketi kwenye kigoda, akala taratibu, kwa heshima, kama anayekula harusini. Kisha akatoka, akauvuta mlango mwenyewe ili nisiinuke. Wanawake walinisimulia baadaye kwamba alisimama katikati ya magunia akasema, "Nimekula kwao. Kande isiyo na maharage," akaketi. Mfuko wa shida ukafunguliwa. Mama alipasuliwa kesho yake.

Baada ya hapo nilimuuliza kwa nini husimama vile kabla ya kubisha. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Mpe mtu nafasi ya kufunika sufuria yake," akasema. "Akiamua kukuonyesha, iwe ni yeye ameamua."

Miaka ikapita. Nikahamia Mbeya kikazi. Habari za mtaa nikawa nazipata kwa simu ya mama, zikiwa zimechanganyika na bei ya mchele, na ilikuwa hivyohivyo, kati ya bei na bei, mama aliponiambia: "Mjumbe anaoza mguu, na anapika chapati."

Nikamwomba aeleze. Sukari ilikuwa imempanda kwa muda, hakumwambia mtu. Kidonda kilianza kisiginoni, hapo katambuga inapokata, kikala ndani. Zahanati walimsafisha wakamwambia wazi: aende hospitali kubwa ya Mbeya ndani ya wiki mbili, si zaidi, la sivyo mguu utakatwa, na kinachofuata baada ya mguu hawakukisema. Msamaha wa matibabu angepata, milango aliijua. Lakini kulikuwa na safari, dawa zisizopatikana dirishani, chakula, mtu wa kumuuguza, majuma mengi ya kukaa huko. Hakuwa na hata sehemu ya hayo, wala hakusema.

Kikundi kilijua. Kila mtu alimwona anavyochechemea. Basi Mama Neema, muuza nyanya, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti kubwa, akajitolea kumsemea. Akaenda. Mjumbe akamketisha kwenye benchi, akampikia chapati za mafuta, akamletea na chai ya maziwa yenye sukari tele. Mama Neema alikula, angefanya nini? Alhamisi akasimama kwenye magunia. Sharti ni sharti. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena.

"Nimekula kwake," akasema. "Chapati. Na chai ya maziwa."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Kicheko kiliwatoka tu, kama mkojo wa mtoto. Mmoja akauliza kama mla chapati ndiye achangiwe na wala ugali, mwingine akasema labda wao ndio wasemewe kwa Mjumbe. Mama Neema aliketi huku machozi yanamtoka kwa hasira. Alipendekeza sharti livunjwe kwa siku moja. Walikataa, na waliokataa kwa nguvu zaidi walikuwa ni wale waliowahi kusaidiwa kwa sharti hilo. Walihisi kwamba wakilivunja kwa ajili yake watakuwa wamemwonea huruma, na huruma ndiyo kitu ambacho Mjumbe hakuwahi kuwapa, na wasingethubutu kumpa.

"Njoo wewe," mama akaniambia. "Mimi nikienda atanipikia pilau."

Nilifika Alhamisi baada ya saa nane mchana. Nilipita uchochoro ule peke yangu, viatu vyangu vya mjini havitoi sauti yoyote kwenye changarawe. Benchi lilikuwa tupu. Nikalipita. Nikasimama mbele ya mlango wake, nikanyamaza.

Ndani kitu kiliacha kusogea. Najua alijua kuna mtu. Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, na kati yetu palikuwa na upana wa kiganja. Nilisubiri. Sikujua nasubiri nini, ila nilijua kwamba nikibisha mapema nitakuwa nimeiba kitu. Nikasikia mguu ukiburuzwa. Nikasikia mfuniko ukiwekwa juu ya sufuria, taratibu, bati juu ya bati.

Kumbe ndiyo hivyo, nikawaza. Kesho Mbeya nitarudi mikono mitupu, na zile wiki mbili zitakwisha.

"Nani amekufundisha kusimama kwenye milango ya watu?" sauti yake ikauliza, chini, nzito.

"Wewe, Mjumbe. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa Mama Mchele."

"Ndiye."

Kuku wa jirani walikuja wakanichunguza miguu. Lori lilipiga honi huko barabarani, ndefu, ya mtu aliyechoka kusubiri foleni. Halafu, bati dhidi ya bati, nikasikia mfuniko ukiondolewa.

"Hodi huijui?" akasema. "Ingia."

Chumba kilikuwa kitanda, kigoda, jiko la mkaa na lile sweta la kijani limetundikwa ukutani kama mtu wa pili. Alikaa kitandani, mguu umefungwa kitenge, na harufu yake ilikuwepo, sitaisema zaidi. Kwenye kona, juu ya ndoo iliyofunikwa, palikuwa na mfuko wa unga wa ngano umekunjwa vizuri, chupa ya mafuta na kopo la sukari, vimepangwa kama vyombo vya altare. Aliona ninachokitazama.

"Hivyo ni vya wageni," akasema.

"Mimi si mgeni. Nimekuja kula unachokula."

Akasogeza kigoda kwa ule mguu mzima. Nilinawa. Ulikuwa ugali wa jana na majani ya maboga yaliyochemshwa. Nilikula kama yeye alivyokula kwetu, taratibu, na tonge la kwanza nikalishikilia mdomoni, nikitafuta ladha iliyokosekana mpaka nikaijua ni ipi.

"Mjumbe, chumvi?"

"Imekwisha," akasema, akageukia ukutani kwenye sweta lake. "Tangu mguu ugome kwenda kuiomba."

Hapo ndipo ile nusu nyingine ilipoingia. Miaka yote hiyo tulicheka, halafu baadaye mimi nikajiona mwerevu kwa kugundua kwamba chumvi ilikuwa hila ya kuona majiko yetu. Na ilikuwa hivyo kweli. Lakini kile kiganja kilichofumbwa kilikuwa pia kimebeba chumvi, kikienda nayo nyumbani, kwenye sufuria hii. Nilimaliza kilichokuwa kwenye sahani. Sikutaka kuacha hata jani.

Nje wanawake walikuwa wanaanza kupita kwenda ghalani. Tulisikia kanga na vicheko. Aliwasikiliza kama mtu anayetambua ndege kwa milio.

"Utasema nini huko?" akauliza.

"Nitasema nilichokula."

"Mguu usiuseme."

"Siusemi."

"Na unga wa ngano?"

"Sikuula, Mjumbe."

Akacheka, kicheko kifupi, kikavu, kilichomshtua yeye kuliko mimi. Nikainuka, nikatoa vyombo kando, nikasita. Nilitaka kumwambia jambo kubwa, jambo la kumfaa mtu kama yeye, na yeye aliliona linakuja, akalikwepa kwa mkono.

"Nenda, wameshaketi. Na mlango ufunge," akasema. "Kuku wa hapa hawana adabu."

Nikatoka kwenye jua. Nikashika ukingo wa mbao kama nilivyomwona yeye akishika wa kwetu, nikauvuta mlango nyuma yangu mpaka ukalia.